Yohane Bosco na Nguvu za Mikono Yake

1. Moto wa mlima na moto wa moyo

Watoto wa Goma wanajua moto ni kitu gani. Mlima Nyiragongo umesimama karibu na mji wao, na tumboni mwake mna mawe yaliyoyeyuka kama uji unaochemka juu ya mafiga. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa mlima ulipasuka. Mto wa moto ukashuka mpaka mjini, ukapita juu ya nyumba, juu ya maduka, na juu ya kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ukaingia katika ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 moto ukashuka tena, ukala nyumba nyingi upande wa Buhene kabla ya kusimama.

Lakini moto ule ulipopoa uligeuka kuwa jiwe jeusi. Watu wakachukua nyundo, wakalivunja, wakajenga nyua na misingi ya nyumba zao. Tena udongo unaotokana na milima hiyo ya moto una rutuba nyingi, nao huzaa viazi, maharagwe na kabichi. Kumbe nguvu ile ile inayoteketeza nyumba yaweza pia kujenga nyumba na kulisha watu.

Hasira ya mtu ni kama moto huo. Kila mtu anayo, mkubwa na mdogo. Si dhambi kuona hasira ikipanda moyoni, hasa mtu akiona jambo lisilo haki. Neno kubwa ni hili: ikisha kupanda, itapita njia gani?

Pale Goma, katika mtaa wa Ngangi, pana nyumba kubwa ya vijana. Mna shule, mna viwanja vya mpira, na mahali pa kujifunza useremala, uashi na ushonaji. Wakati wa moto na wakati wa vita watu wengi waliokimbia makwao walipata mahali pa kulala humo. Nyumba hiyo inaitwa Don Bosco. Watoto wengi hulitaja jina hilo kila siku, lakini hawajui kwamba mwenye jina hilo alizaliwa na moyo wa hasira kali, na mikono yenye nguvu kuliko ya wenzake. Hii ndiyo habari yake.

2. Mtoto wa Becchi

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji kidogo kiitwacho Becchi, karibu na mji wa Castelnuovo, upande wa kaskazini wa nchi ya Italia. Kwao walimwita Giovanni. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Mwaka wa 1817 baba yake, Francesco, alirudi kutoka kazini mwenye jasho, akaingia katika ghala la chini penye baridi, akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa baada ya siku chache. Yohane alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Mama yake, Margherita, akabaki na bibi mzee na watoto watatu. Mkubwa alikuwa Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa Francesco aliyekuwa amekufa. Wa pili aliitwa Giuseppe. Yohane alikuwa kitinda mimba. Mwaka ule mvua haikunyesha vizuri, njaa ikaingia nchini. Mama Margherita alilima, alivuna, alipika, na jioni aliwakusanya watoto wote kusali.

Mama huyo hakuwa mtu wa kupiga kelele. Katika pembe ya jiko aliweka fimbo, nayo ilionekana na watoto wote, lakini aliitumia mara chache sana, au hakuitumia kabisa. Siku moja alikwenda sokoni. Yohane akapanda kutafuta kitu juu ya kabati, akaangusha chungu cha mafuta, kikavunjika. Mafuta yalikuwa mali kubwa katika nyumba ya maskini. Yohane akafuta sakafu, lakini doa halikutoka. Basi akaenda kukata fimbo katika ua wa miti, akaimenya ganda, akaichora vizuri kwa kisu. Alipomwona mama yake anarudi, akamkimbilia, akamweleza kosa lake lote, akamtolea fimbo ile. Mama akaitazama fimbo, akautazama uso wa mtoto, hasira yake ikaisha pale pale, akacheka.

Yohane hakulisahau jambo hilo. Aliona kwamba ukweli ukisemwa mapema huzima moto kabla haujawaka.

3. Ndoto ya ngumi

Lakini yeye mwenyewe alikuwa mwepesi kuwaka. Alikuwa na mwili wa nguvu, akili ya upesi, na hakupenda kushindwa.

Alipokuwa na miaka kama tisa aliota ndoto. Alijiona katika uwanja mkubwa karibu na nyumba yao. Watoto wengi walikuwa wakicheza humo, na wengine walikuwa wakitukana jina la Mungu. Yohane alipowasikia, damu ikampanda. Akaruka katikati yao, akaanza kuwapiga ngumi ili wanyamaze. Ndipo akatokea Bwana mmoja mwenye mavazi meupe na uso unaong'aa. Akamwita Yohane kwa jina lake, akamwambia kwamba watoto hao hatawapata kuwa rafiki kwa mapigo, ila kwa upole na mapendo. Tena akatokea Bibi mmoja mtukufu, akamshika mkono. Yohane akatazama, akaona watoto wametoweka. Mahali pao palijaa mbuzi, mbwa, paka, dubu na wanyama wengine wengi. Mara wanyama hao wakageuka kuwa wana-kondoo wapole, wakarukaruka kwa furaha.

Yohane alipoamka, aliona kana kwamba mikono yake inauma kwa ngumi alizopiga, na uso wake unauma kwa makofi aliyopigwa. Asubuhi akawasimulia watu wa nyumbani. Giuseppe akasema labda atakuwa mchungaji wa mbuzi na kondoo. Mama akasema nani ajuaye, pengine atakuwa padri. Antonio akasema kwa ukali kwamba atakuwa mkubwa wa wanyang'anyi. Bibi yao akawaambia kwamba ndoto si kitu cha kufuata.

Yohane naye alifikiri kama bibi yake. Lakini ndoto ile haikutoka moyoni mwake maisha yake yote. Tangu hapo akaanza kujaribu njia nyingine. Alikwenda sokoni na kwenye sikukuu kuwatazama wacheza sarakasi, akajifunza michezo yao. Alijifunza kutembea juu ya kamba, kurukaruka, kusimama kwa mikono, na kufanya viini macho. Jumapili aliwakusanya watoto na watu wazima wa kijiji. Kwanza walisali, kisha aliwachezea. Mikono ile ya kupiga ngumi ikapata kazi nyingine.

4. Punda wa Antonio

Msidhani kwamba Yohane aligeuka kuwa mpole kwa siku moja. Nyumbani mlikuwa na vita, na vita hiyo ilitokana na vitabu.

Yohane alitaka sana kusoma. Antonio alikuwa amekua sasa, alifanya kazi ngumu ya shamba, naye alikasirika kumwona mdogo wake akishika kitabu. Siku moja alisema mezani kwamba yeye amekuwa mtu mkubwa na mwenye nguvu bila kuviona vitabu hivyo. Yohane alikuwa na uchungu moyoni, na ulimi wake ukatoka mbio kuliko akili yake. Alijibu kwamba hata punda wao ni mkubwa na mwenye nguvu kuliko Antonio, naye pia hakwenda shuleni.

Antonio akaruka kumkamata. Yohane akaokolewa na miguu yake myepesi.

Jibu lile lilikuwa la kuchekesha, lakini halikuleta amani hata kidogo. Neno likisha kutoka kinywani halirudi. Ugomvi uliendelea kukua, hata Mama Margherita akaogopa kwamba ndugu hao wataumizana. Mwezi wa Februari 1828, katika baridi kali, akamfungia Yohane nguo chache na mkate, akamtuma kutafuta kazi mbali na nyumbani. Alikuwa na miaka 12 tu. Akatembea toka shamba hata shamba, mpaka watu wa jamaa ya Moglia wakamkubali kuwa mchungaji wa ng'ombe wao. Alikaa kwao karibu miaka miwili. Hivi hasira ya ndugu wawili ilimtoa mtoto nyumbani kwa mama yake.

Mwisho wa mwaka wa 1829 akarudi. Padri mmoja mzee, Don Calosso, akamhurumia, akaanza kumfundisha. Padri huyo akafa mwaka wa 1830. Lakini Yohane hakuacha. Mwaka wa 1831 akaenda kusoma katika mji wa Chieri. Alikuwa na miaka 16, na wenzake darasani walikuwa watoto wadogo. Ili kulipa chakula na kitanda alifanya kazi nyingi: alisaidia kushona nguo, na alitumika katika duka la kahawa. Pamoja na rafiki zake akaanzisha chama cha vijana, na sheria yake mojawapo ilikuwa kukaa katika furaha.

5. Rafiki mpole

Huko Chieri Yohane alipata mwalimu wa upole ambaye hakuwa mzee wala padri. Alikuwa mwanafunzi mwenzake, mwembamba, mnyamavu, jina lake Luigi Comollo.

Siku moja mwalimu alikuwa hajafika darasani, na wanafunzi walikuwa wakirukiana migongoni kwa mchezo na makelele. Mmoja akamvuta Luigi aingie katika mchezo. Luigi akakataa kwa adabu. Yule akakasirika, akampiga makofi mawili usoni. Wote wakanyamaza wakitazama atafanya nini. Uso wa Luigi uligeuka mwekundu, lakini hakuinua mkono. Alimwambia mwenzake kwamba kama sasa ameridhika aende zake kwa amani, kwa sababu amekwisha kumsamehe.

Yohane alishangaa. Alikuwa hajaona nguvu ya namna hiyo.

Siku nyingine wakorofi wakamzunguka Luigi tena, pamoja na mtoto mwingine mpole, wakaanza kuwapiga. Yohane akawaambia waache. Hawakumsikia. Ndipo hasira yake ikafurika. Hakuwa na fimbo wala kiti mkononi. Akamkamata mmoja wa wakorofi mabegani, akamwinua, akamtumia kama rungu kuwapiga wengine. Wanne wakaanguka chini, wengine wakakimbia wakipiga yowe. Wakati ule ule mwalimu akaingia, akaona mikono na miguu ikiruka hewani. Alipoelezwa sababu, akastaajabia nguvu za kijana huyo.

Wenzake wote walimwona Yohane kuwa shujaa. Luigi peke yake hakumsifu. Walipokuwa wawili tu, akamwambia kwamba nguvu zake zinamtia hofu. Akamwambia kwamba Mungu hakumpa nguvu hizo ili awaangamize wenzake, bali anataka tupendane, tusameheane, na kuwatendea mema wale wanaotutendea mabaya.

Maneno hayo yalimchoma Yohane kuliko ngumi. Alikuwa amemtetea mnyonge, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini njia aliyopita ilikuwa ya hatari. Angeweza kumvunja mtu shingo, na mtu huyo hakuwa adui wa vita, alikuwa mwanafunzi mwenzake. Tangu siku hiyo akakubali kuongozwa na rafiki yake. Luigi alikufa mwaka wa 1839 akiwa bado kijana, lakini Yohane aliyahifadhi mafundisho yake.

6. Mtoto aliyepigwa kwa fimbo ya ufagio

Tarehe 5 Juni 1841 Yohane alipewa upadri katika mji wa Torino. Huko Italia padri huitwa Don, na hivi watu wakaanza kumwita Don Bosco. Katika siku zile aliandika makusudi yake. Moja lilikuwa hili: mapendo na upole wa Mtakatifu Fransisko wa Sales vimwongoze katika kila jambo. Hakumchagua mtakatifu huyo bure. Fransisko naye alikuwa mtu wa damu moto, akapigana na hasira yake miaka mingi mpaka watu wakamjua kwa upole wake.

Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, Don Bosco alikuwa katika sakristia akivaa mavazi ya Misa. Kijana mmoja akaingia, akasimama akitazama. Jina lake Bartolomeo Garelli, umri wake miaka 16, yatima, mfanyakazi wa waashi. Mtumishi wa sakristia akamwambia atumikie Misa. Kijana akasema hajui. Mtumishi akaghadhibika, akashika fimbo ya ufagio, akampiga mgongoni na kichwani, akamfukuza mpaka nje.

Don Bosco angeweza kumgombeza sana mtumishi yule mbele ya watu. Alimkemea kwa kumpiga mtoto asiye na kosa, akamwambia kijana huyo ni rafiki yake, akamtuma amrudishe. Kijana akarudi akitetemeka. Baada ya Misa Don Bosco akaanza kumwuliza maswali kwa sauti ya taratibu. Hakuwa na baba wala mama. Hakujua kusoma, wala kuandika, wala kuimba. Mwishoni Don Bosco akamwuliza kama anajua kupiga mluzi. Kijana akacheka. Hofu ikamtoka. Wakasali pamoja, akaanza kujifunza ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata akarudi, akawaleta wenzake.

Hivi ndivyo kazi kubwa ya Don Bosco ilivyoanza. Kama mtoto yule angetoka na maumivu yake tu, asingerudi tena kanisani, na wenzake wasingekuja.

7. Uwanja wa Valdocco

Vijana wakaongezeka, wakawa mamia. Wengi walitoka vijijini kufanya kazi za ujenzi mjini. Walilala pabaya, walikula kidogo, walidhulumiwa na mabwana zao. Mioyo yao ilijaa uchungu, na uchungu huo ulitoka kwa matusi na mawe. Vikundi vya mtaa huu vilipigana na vikundi vya mtaa ule, na Don Bosco aliingia katikati ya mawe ili kuwatenganisha.

Tena hakuwa na mahali pa kuwaweka. Walifukuzwa hapa na pale, kwa sababu majirani walichukizwa na makelele yao. Mwaka wa 1846 walikuwa wakicheza katika shamba la majani walilolipia kodi. Wenye shamba wakasema miguu ya watoto inaua hata mizizi ya majani, wakawaambia watoke. Don Bosco hakuwatukana. Alikwenda pembeni peke yake, akamlalamikia Mungu, akalia machozi. Siku ile ile mtu mmoja akaja kumwonyesha banda la bwana Pinardi, mahali paitwapo Valdocco. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, wakaingia humo.

Mwezi wa Novemba Mama Margherita akaja kukaa naye, awe mama wa watoto wote. Alipika, alifua, alishona, na alilima bustani ya mboga. Lakini siku moja watoto walicheza mchezo wa vita, jeshi moja likakimbia, jeshi jingine likafuata, wakapita juu ya bustani, wakaikanyaga yote. Mama Margherita akavumilia. Baadaye lakini nguvu zikamwishia. Akamwendea mwanawe, akamwambia yote: huyu ameangusha nguo safi matopeni, huyu amepasua suruali, huyu amechukua sufuria kuchezea. Akasema amechoka, anataka kurudi Becchi.

Don Bosco hakumwambia kwamba amekosa kuchoka. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyosha mkono, akamwonyesha msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akautazama, macho yake yakajaa machozi. Akarudi jikoni, wala hakuzungumza tena juu ya kuondoka. Alibaki Valdocco mpaka alipokufa mwaka wa 1856.

Vijana nao wakaanza kufundishana. Mwaka wa 1854 alifika mtoto mmoja jina lake Domenico Savio. Siku moja aligundua kwamba wanafunzi wawili wametukaniana jamaa zao, wakapatana kwenda kupigana kwa mawe. Aliwasihi waache, wakakataa. Basi akafuatana nao mpaka mahali pa vita. Waliposhika mawe, akatoa msalaba wake mdogo, akawaambia wautazame, wakumbuke kwamba Yezu alikufa akiwasamehe adui zake, kisha jiwe la kwanza wamtupie yeye. Akapiga magoti mbele ya mmoja, na tena mbele ya mwingine. Mikono yao ikalegea. Wakaona haya, wakaangusha mawe, wakapatana.

8. Dawa za Don Bosco

Don Bosco alijua kwamba haifai kumwambia kijana asikasirike tu. Hasira ikifungiwa moyoni bila njia ni kama sufuria iliyofunikwa sana juu ya moto: siku moja kifuniko kitaruka. Lazima ipewe njia njema. Dawa zake zilikuwa hizi.

Dawa ya kwanza ni mwili kufanya kazi. Valdocco ilijaa mbio, mpira, michezo, nyimbo na tarumbeta. Wakati wa likizo aliwachukua vijana kutembea kwa miguu siku nyingi vijijini. Yeye mwenyewe alikimbia nao, hata alipopita miaka 50. Tena alifungua vyumba vya kazi: ushonaji wa viatu na nguo, useremala, uchapaji wa vitabu, uhunzi. Kijana anayepiga msumari vizuri hana haja ya kumpiga mwenzake.

Dawa ya pili ni kungoja. Aliwaonya wasaidizi wake wasimkemee mtoto wakati mioyo yao imewaka. Kwanza moyo upoe, ndipo neno lisemwe. Mwaka wa 1877 aliandika juu ya njia yake ya kulea, akataka mtoto asipigwe, wala asionywe mbele ya watu, ila kwa siri, kwa akili na kwa mapendo.

Dawa ya tatu ni kusema yaliyo moyoni kwa mtu mwaminifu. Vijana walimwendea uwanjani au katika maungamo, wakamfungulia mioyo yao. Yeye aliwasikiliza, na mara nyingi alimnong'oneza mmoja neno dogo sikioni. Kila usiku, kabla ya kulala, aliwaambia wote maneno machache mema, ili mtu asilale na kinyongo.

Dawa ya nne ni sala na msamaha. Alisali kabla ya kujibu, na alisamehe kabla ya kuombwa.

Hata hivyo, watu waliokaa naye walijua kwamba tabia yake ya asili haikufa. Alipoona mnyonge anaonewa, uso wake ulibadilika. Lakini alijizuia, akatafuta la kufanya lenye faida. Alishinda hasira yake si mara moja, bali kila siku tena.

9. Kutoka Torino mpaka Goma

Mwaka wa 1859 Don Bosco alianzisha shirika la mapadri na mabruda, akaliita kwa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales. Ndiyo maana wanaitwa Wasalesiani. Yeye alikufa Torino tarehe 31 Januari 1888, mwenye miaka 72. Papa Pius wa 11 alimtangaza kuwa mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934.

Mwaka wa 1911 Wasalesiani wa kwanza walifika Kongo, katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi. Baadaye kazi yao ilifika mpaka Goma. Katika mji ule, ambamo watoto wengi wameona vita, njaa na moto wa volkano, wengi wanayo sababu ya kukasirika. Hakuna mtu wa haki anayeweza kuwalaumu kwa hilo. Lakini mtoto anayeingia uwanjani na mpira, anayeshika randa ya seremala, anayemweleza mwalimu wake shida yake, huyo ameanza kuugeuza moto wake kuwa jiwe la kujengea.

Wazee husema, hasira hasara. Yohane Bosco aliijua hasara hiyo tangu utoto, siku alipotoka nyumbani na mfuko wake katika baridi. Mikono yake ilibaki na nguvu mpaka mwisho. Ila mikono ile iliyomgeuza mwanafunzi mwenzake kuwa rungu ilikuja kuwa mikono ya kuwainua vijana walioanguka.

Maswali

1. Kwa nini hasira inafananishwa na moto wa Nyiragongo?
2. Yohane alifanya nini alipovunja chungu cha mafuta? Mama yake alifanya nini?
3. Jibu la Yohane juu ya punda lilileta matokeo gani?
4. Yohane alikosa wapi alipomtetea Luigi Comollo? Angeweza kufanya nini?
5. Taja dawa nne za Don Bosco. Ipi yakufaa wewe zaidi? Eleza sababu.
6. Andika mistari kumi juu ya siku ulipokasirika, na njia uliyotumia kutuliza moyo wako.